Mguu kwa Mguu: Usiulize kilomita, uliza mteremko

Masika yamekatika na barua zimefurika. Mara hii karibu zote zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: wapi pa kutembea, Arusha au Moshi, bila kupanda mlima. Mzee wenu swali hili nalipenda. Nilianza maisha kwa kubeba mizigo Kilimanjaro, nikiwa mgumu, kama wapagazi wanavyoitwa, baadaye nikawa kiongozi wa wageni, na sasa magoti yananidai madeni ya miaka ile. Kwa hiyo njia rahisi nazitafuta kwa shida zangu mwenyewe. Nimechagua barua chache. Majibu mengine yatakuwa marefu, mengine mafupi, kulingana na swali.

Shikamoo mzee. Nakaa Sakina, Arusha. Mama yangu amekuja kutoka Singida kukaa nasi. Ana miaka 68, daktari amemwambia atembee lakini magoti yanamsumbua. Nina watoto wawili, mmoja yuko darasa la kwanza, mwingine la nne, na hawa hawatulii. Gari hatuna. Kila ninayemuuliza ananitajia maporomoko ya maji. Je, kuna mahali tunaweza kwenda Jumamosi moja, sote, bila mtu kubebwa? – Mama wa wawili, Sakina

Marahaba mwanangu, nisalimie mama.

Maporomoko yaache kwanza. Maji huangukia bondeni, kwa hiyo mtashuka mkiwa na nguvu na kupanda mkiwa mmechoka. Wanaokwambia "ni dakika 40 tu" wamehesabu ya kwenda, ya kurudi wamekuachia wewe. Tena kwa mwenye magoti mabovu kushuka ndiko kunakouma kuliko kupanda. Muulize mama atakwambia, hata ngazi za hospitali anazipanda vizuri kuliko anavyozishuka. Ndiyo sababu mtu akinisifia njia, swali langu la kwanza ni hili: inaanza kwa kushuka au kwa kupanda? Kilomita nitauliza baadaye, nikikumbuka.

Nendeni Ziwa Duluti. Mkifika mjini pandeni vifodi vya Usa River, mshuke Tengeru. Ziwa liko upande wa kulia ukitokea mjini, mwendo mfupi kutoka barabara kuu. Mama apande bodaboda au bajaji mpaka getini ili nguvu zake azitumie msituni, asizimalizie kwenye vumbi. Duluti ni ziwa la kreta. Chini ya Meru hapo volkano ililipuka zamani, likabaki shimo, shimo likajaa maji. Hakuna mto unaoingia, maji yanatoka ardhini. Ukingo wote umezungukwa na mkanda mwembamba wa msitu wa hifadhi unaosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Mnalipia kiingilio getini na mnapewa risiti. Watanzania wana bei yao, kwa hiyo wewe na mama bebeni vitambulisho.

Uzuri wa Duluti ni kwamba njia inazunguka ziwa. Mnatokea palepale mlipoanzia, na hakuna poromoko la kuwadai mwishoni. Mtu mzima mwenye afya huzunguka kwa saa moja au moja na nusu. Ninyi pangeni mbili, na msimharakishe mtu. Njia ni nyembamba, ina mizizi iliyojitokeza na vipandio viwili vitatu vifupi ambavyo mama atataka kushikwa mkono. Mpatie fimbo. Fimbo nzuri inamfika kwenye kifundo cha mkono akiwa amesimama wima. Ndefu kuliko hapo inachosha bega. Mama ndiye awe mbele. Watoto wakitangulia watakuwa wanarudi kuuliza "bibi bado?" na bibi ataongeza mwendo kwa aibu.

Hao wasiotulia wapeni kazi. Duluti kuna kenge wakubwa wanaoota jua kwenye magogo ya ukingoni. Mtoto akishamwona mmoja atatembea kimyakimya saa nzima akimtafuta wa pili. Kuna kima juu ya miti. Kuna mdiria anayetumbukia majini kama jiwe na kuibuka na samaki, kuna mnandi anayekausha mabawa yake akiwa ameyatandaza, na furukombe mtamsikia kabla ya kumwona. Onyo langu ni moja, na hili sina mzaha nalo: kingo za ziwa hazina ufuko. Pale unapoona majani mazuri ya kukalia, chini yake maji yanaanza na kina. Watoto wasichezee ukingoni, na kuogelea kusiwepo kabisa. Mwenye hamu ya maji apande mtumbwi na mwendeshaji wake, wapo pale.

Mama akichoka katikati msimshawishi kwa "tumebakiza kidogo". Geuzeni. Mlichotembea kwenda na mtakachotembea kurudi, hivyo viwili ni matembezi, na daktari hatauliza kama mlifunga duara.

Fikeni saa 2 asubuhi. Meru huwa wazi asubuhi, kufika saa 5 limeshajifunika. Mwanga wa asubuhi pia ndio unaowatoa ndege. Jumamosi ni siku ya gulio Tengeru, kwa hiyo barabara itajaa, ila mkitoka msituni parachichi na ndizi ziko palepale. Mama akibaki na nguvu, ulizeni makaburi ya Wapoland, hayako mbali na ziwa. Wakati wa vita kuu ya pili, kuanzia mwaka 1942, Tengeru ilikuwa kambi ya wakimbizi wa Poland wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto, na waliofariki walizikwa hapo. Makaburi yanatunzwa vizuri. Bibi anaweza kukaa kivulini akawaeleza wajukuu kwamba kumbe hata Wazungu waliwahi kuja kwetu kuomba hifadhi.

Mzee, Duluti kuna nyoka? – Mwoga, Kijenge

Ni msitu, nyoka wapo. Tembea kwa kishindo, ataondoka kabla hujajua kwamba alikuwepo. Ukikuta gogo limelala njiani usiliruke. Kanyaga juu yake, tazama upande wa pili, ndipo ushuke. Mimi naogopa zaidi siafu, na wewe waogope. Baada ya mvua huvuka njia kwa mistari mipana, na anayesimama hapo kupiga picha hugundua wakati wameshafika kiunoni. Chomeka suruali ndani ya soksi, tazama unapokanyaga, na simu itoe ukiwa umeshapita.

Shimbonyi mzee. Sisi ni kundi la watu 14 tunaofanya kazi pamoja Moshi mjini. Kila mwisho wa mwezi tunakwenda nyama choma, na sasa matumbo yameanza kusema. Tunataka mwezi huu twende kutembea badala ya kukaa. Wengine wanataka Materuni, wengine wanasema twende geti la Marangu mpaka Mandara kwa siku moja. Wawili wetu wana uzito mkubwa na mmoja ana pumu. Wewe unasemaje? – Katibu wa kundi, Soweto, Moshi

Nasema mwenye pumu ndiye aulizwe kwanza, na naona hamkumuuliza.

Mandara siyo matembezi ya mwisho wa mwezi. Geti la Marangu liko mita 1,860 hivi kutoka usawa wa bahari, kibanda cha Mandara kiko mita 2,720, na katikati kuna kilomita 8 za msitu, zote za kupanda. Kisha mnarudi. Ni njia nzuri sana, nimeipita kwa kazi miaka mingi, lakini watu 14 waliozoea kiti watakaofika wote ni nadra, na wale wawili siku ya kwanza mtawachukiza matembezi maisha yao yote. Materuni ni pazuri pia, maporomoko ni marefu na kahawa ya pale inatwangwa mbele yako. Ila nimeshamjibu mama wa Sakina habari za maporomoko, soma hapo juu.

Ninyi nendeni msitu wa Rau. Nashangaa watu wa Moshi. Mgeni kutoka Uholanzi anaujua, na wewe uliyezaliwa Soweto hujawahi kuingia. Uko kilomita chache tu kusini-mashariki mwa mji, upande wa Njoro. Ukimwambia bodaboda "Rau" tu anaweza kukupeleka kata ya Rau, mwelekeo mwingine kabisa. Mwambie msitu wa Rau, Njoro. Una hekta 570 hivi, na ni tambarare. Milimani kwetu kuna misitu mingi, ya tambarare ni michache, na ndiyo sababu nawapeleka huko.

Ule msitu hauishi kwa mvua peke yake. Maji yanayonyesha mlimani hupita chini kwa chini mpaka huko bondeni yanakoibuka, ndiyo maana kiangazi, Moshi nzima ikiwa vumbi, ndani ya Rau kuna chemchemi na udongo una unyevu. Miti yake inalingana na maji hayo. Kuna mivule, na mmoja wao ni mkubwa kiasi kwamba kundi lenu likishikana mikono mtaona mmehitajiana wengi kuuzunguka. Wenyeji wanasema umepita miaka 200. Kuna msoo, mti ambao duniani haupatikani ila sehemu chache sana, na hapo ni mojawapo. Wataalamu wa mimea waliuandika kwa jina hilohilo la huku kwetu, *Oxystigma msoo*. Kuna msesewe, ambao mnaujua bila kujua kwamba mnaujua: magamba yake ndiyo yanayoipa mbege, pombe yetu ya ndizi, ule uchungu. Juu kuna mbega na kima. Mbega mtafuteni kwa mkia mweupe unaoning'inia, mwenyewe hujificha.

Chukueni kiongozi wa pale. Najua mtasema hela, lakini njia zinakatana ovyo, na kijana wa pale anajua ipi imejaa maji wiki hiyo. Mwambieni mapema mnataka mzunguko wa saa mbili, la sivyo atawapeleka mpaka mashamba ya mpunga. Mpunga nao ni mzuri kuutazama, ila huko hakuna kivuli. Ingieni kabla ya saa 3. Bebeni dawa ya mbu na mikono mirefu, kwa sababu penye chemchemi pana mbu. Mwezi wa 4 na wa 5 msiende, njia zinageuka matope ya kuvua viatu.

Sasa habari ya mwendo. Mlimani kiongozi anayejua kazi humweka mtu dhaifu nyuma yake mara moja, wa pili kwenye mstari, na kundi zima hufuata hatua zake. Akibaki wa mwisho kila mkisimama kumsubiri mtakuwa mmepumzika ninyi. Yeye akifika tu mnaondoka, hapumziki hata mara moja. Kwa hiyo hao wawili wazito na mwenye pumu wawe mbele, dawa ya kuvuta iwe mfukoni mwake yeye mwenyewe, siyo ndani ya begi la mwenzake. Nyama choma hamjakatazwa, ila ije baada.

Nimesikia Hifadhi ya Arusha unaweza kutembea kwa miguu kuzunguka maziwa ya Momella. Ni kweli? Na nyati je? – Mfanyabiashara, Njiro

Kutembea kwa miguu kunaruhusiwa, na hifadhi chache za nchi hii zinakupa nafasi hiyo. Ila huendi peke yako na huchagui njia. Unapewa askari mwenye silaha, na njia ya kawaida ya matembezi mafupi inaanzia upande wa geti la Momella, chini ya Meru, inapita uwanda wa majani kuelekea maporomoko ya Tululusia. Huo uwanda ni tambarare, nyati wanalisha, twiga wanakutazama kwa dharau. Mkifika karibu na maporomoko kuna kupanda. Mwambie askari mapema kwamba unataka uwanda tu, atakuelewa. Nyati ndio sababu ya bunduki. Fuata mgongo wa askari, akisimama simama, akinyamaza nyamaza, na nguo nyekundu iache nyumbani ingawa najua vijana wa Arusha mnaipenda.

Maziwa yenyewe wengi huyatazama wakiwa ndani ya gari, wakishuka sehemu zilizoruhusiwa. Upande wa mashariki wa Meru uliporomoka zamani sana, miaka elfu kadhaa iliyopita, tope na mawe vikatandaa mpaka huko, na mabonde yaliyobaki ndiyo maziwa. Maji yake yana magadi, na kila ziwa lina rangi yake kwa sababu ya miani tofauti. Heroe huja na kuondoka kufuatana na chakula, kwa hiyo asikuahidi mtu kwamba utawakuta. Kreta ya Ngurdoto ni ya kutazama kutoka juu, kushuka ndani hairuhusiwi. Mwaka 1960 hifadhi ilipoanzishwa ilibeba jina la hiyo kreta, na 1967, Meru lilipoongezwa, ikaitwa Arusha.

Malipo ni ya kadi au namba ya malipo, getini hawapokei noti. Bei hubadilika, angalia ya shirika la hifadhi za taifa, TANAPA, kabla hujaondoka. Chukua kitambulisho cha taifa, tofauti ya kiingilio cha Mtanzania na cha mgeni ni kubwa mno kuipoteza kwa kusahau kadi mezani.

Mzee mwenzangu, nimestaafu ualimu, nimerudi Kibosho kwenye kihamba, shamba la nyumbani la marehemu baba. Daktari ananitaka nitembee nusu saa kila siku. Tatizo huku kila njia ni ya kupanda au ya kushuka. Juzi nikapanda msituni, askari wa hifadhi wakanirudisha, ilhali utotoni tulikuwa tunakata majani humo. Nimekasirika. – Mwalimu mstaafu, Kibosho

Mwalimu, heshima yako. Hasira nitaijia, kwanza miguu.

Unayo njia tambarare na umeipita ukienda shule maisha yako yote. Fuata mfongo, mfereji wetu wa maji wa asili. Babu zetu walipochimba mifongo walikuwa na tatizo lilelile la daktari wako: wanataka maji yatoke korongoni yafike kihambani bila kukimbia. Yakiteremka kwa kasi yanabomoa udongo, yakikosa mteremko yanasimama. Kwa hiyo walizungusha mfereji ubavuni mwa mlima kwa mteremko mdogo sana, usioujua kwa mguu, bila kipimo chochote zaidi ya jicho na maji yenyewe. Kando ya mfongo pana njia ya wanaousafisha. Hiyo ndiyo njia yako. Ukianza mkondo wa chini na kuelekea kwenye banio, yanakochepushwa maji, unapanda bila pumzi kujua, na kurudi maji yanakusindikiza. Kivuli cha migomba na mikahawa kipo, na kila baada ya hatua chache kuna mtu wa kusalimiana naye, ambacho kwa mstaafu ni nusu ya dawa.

Adabu zake unazijua kuliko mimi, nazisema kwa ajili ya wasomaji wa mjini. Kingo za mfongo hazikanyagwi, unakanyaga njia. Ukingo ukibomoka mtu wa chini anakosa maji ya zamu yake. Masale, ile mimea iliyopandwa kwa mstari, ni mpaka, hayavunjwi ili upite. Njia ikipita uani kwa mtu unapiga hodi hata kama unapita kila siku. Ukikuta msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, wa kusafisha, hupiti na fimbo yako ukitazama juu, unaomba jembe. Mahali mfongo unapopita ubavuni mwa korongo kubwa geuka, kwa umri wetu hapo siyo pa kutafuta sifa.

Sasa msitu. Unakumbuka nusu maili. Ulitengwa mwaka 1941, mkanda wa chini wa msitu ulioachiwa wananchi kwa kuni na majani ya ng'ombe, na ndimo tulimokulia. Mwaka 2005 msitu wa akiba wa Kilimanjaro uliunganishwa na hifadhi ya taifa, na tangu hapo anayesimamia ni KINAPA, yaani hifadhi ya taifa ya Kilimanjaro. Yule askari alifanya kazi yake. Mimi naona wazee wa vijiji vya juu walistahili kuulizwa zaidi, na nimelisema hilo kwenye mikutano. Lakini pia nimeona korongo nilizovuka nikiwa kijana maji yakinifika magotini, leo navuka na soksi kavu, na sehemu ya sababu ni mashoka yetu wenyewe. Kwa hiyo sijui nikukasirikie nani kwa niaba yako. Nenda ofisi ya kijiji, uliza utaratibu wa kuingia ukoje kwa sasa, na wakati unasubiri jibu mfongo uko wazi kila siku.

Mzee, kwa hizo njia rahisi yeboyebo zinafaa? Buti za mlimani sina hela. – Mwanafunzi wa chuo, Moshi

Buti huzihitaji, na usikubali mtu akuuzie. Yeboyebo zikilowa mguu unaelea ndani, ukikanyaga mzizi wa Duluti utakaa chini bila kupenda. Katambuga, zile za matairi, zinashika vizuri kwenye vumbi, kwenye tope hapana. Nenda soko la Memorial ukatafute raba za mtumba zenye meno chini, ziwe zinakubana kidogo kisigino na kukuachia nafasi ya kidole mbele, ukizijaribu na soksi utakazozivaa. Zivae mtaani siku mbili tatu kabla ya safari. Kata kucha za vidole vya miguu usiku wa kuamkia, hasa la gumba, maana kwenye kushuka ndilo linalogonga mbele. Yeboyebo zitie kwenye begi, utazivaa kwenye daladala wakati wa kurudi.